Uende wapi, lini, na useme nini: mwongozo wa kupanga miadi ya daktari

Mtu akianza kuumwa, swali linalomjia haraka ni "nina nini?" Hilo mwachie daktari, ndiyo kazi aliyoisomea. Wewe jiulize jingine, maana ndilo litakalokuonyesha pa kwenda: hali hii inaweza kungoja kwa muda gani? Kuna hali zisizongoja hata dakika kumi. Kuna za kuonwa leo hii hii. Kuna za wiki hii au mwezi huu. Na kuna ambazo mwili utazimaliza wenyewe ukipewa siku chache na ushauri wa mfamasia.

Usitumie ukali wa maumivu kama kipimo chako pekee. Jino linaweza kukukesha usiku kucha na bado likangoja asubuhi. Kiharusi kinaweza kuanza bila maumivu yoyote. Wala usitumie ukubwa wa jengo. Wengi hukimbilia hospitali kubwa kwa jambo ambalo muuguzi wa kliniki ya jirani angelimaliza kwa robo saa, kisha wanakaa kwenye foleni siku nzima kwa sababu pale wagonjwa huitwa kwa uzito wa hali zao, na aliyetangulia kufika hana haki ya kutangulia kuonwa.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza yale yasiyongoja

Hapa ndipo kukosea kunagharimu maisha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukiona mojawapo ya hali hizi, usipange miadi wala usingoje kliniki ifunguliwe. Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, au mpeleke mgonjwa moja kwa moja kwenye idara ya dharura.

Kiharusi: uso umelegea upande mmoja, mkono mmoja haunyanyuki au hauwezi kubaki juu, maneno yanatoka yamevurugika. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla linatosha. Angalia saa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Ndiyo maana hospitalini wataanza kwa kukuuliza: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, nenda. Zinaweza kuwa onyo la kiharusi kikubwa kinachofuata.

Moyo: kifua kinabana au kinaelemewa, maumivu yanasambaa kwenda mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, jasho baridi linatoka, pumzi inakata. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawapati maumivu makali ya kifua. Wanahisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au kukosa pumzi tu. Mgonjwa wa namna hii asijiendeshee gari.

Kwa mtoto mdogo, wahudumu wa afya katika nchi nyingi hufundishwa dalili nne za hatari ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua kwa moyo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamshiki. Ukiona hata moja, ondokeni. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi naye anaonwa siku hiyo hiyo, hata kama bado ananyonya vizuri, kwa sababu katika umri huo ugonjwa mkubwa unaweza kujificha nyuma ya homa peke yake.

Mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, anayevimba uso na mikono ghafla, au anayehisi mtoto amepunguza kucheza, haendi kungoja tarehe yake ya kliniki. Apige simu wodi ya wazazi au aende saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Kuna pia damu isiyokoma ingawa jeraha limegandamizwa, kukosa pumzi kiasi kwamba mtu hamalizi sentensi, homa pamoja na shingo iliyokaza, kupoteza fahamu, kugonga kichwa kisha kuanza kutapika au kusinzia, kumeza sumu, na mtoto kumeza betri ndogo ya duara kama zile za saa na rimoti. Na mtu anayesema anataka kujiua, au aliyekwisha kujiandaa kufanya hivyo, ana dharura sawasawa na hao wengine. Usimwache peke yake.

Hatua ya 2: Angalia kama kuna saa inayokimbia kimya kimya

Kundi hili husahaulika sana. Mtu hana maumivu ya kutisha, anaweza kutembea na kuongea, kwa hiyo anajiambia ataomba miadi wiki ijayo. Kumbe tiba ina muda wake, na muda ukipita haipo tena.

Ameng'atwa na mbwa, paka, popo au mnyama mwingine anayeweza kubeba kichaa cha mbwa: aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Ugonjwa wenyewe ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, ilhali chanjo ikianza mapema huuzuia. Jeraha dogo lisikudanganye.

Ameingia kwenye hatari ya kuambukizwa VVU, kwa kubakwa, kondomu kupasuka au kuchomwa na sindano iliyotumika: dawa za kinga huanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina mpaka wa saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Mahali pengi mfamasia anaweza kuvitoa bila miadi. Aliyebakwa apelekwe hospitalini hata kama hataki kushtaki. Matibabu ni haki yake kabla ya jambo jingine lolote.

Korodani ikianza kuuma ghafla kwa kijana au mtu mzima, huenda imejisokota na kukatiwa damu. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6 hivi. Vijana wengi huona haya na kungoja mpaka asubuhi. Mzazi mwenye mtoto wa kiume amwambie jambo hili kabla halijatokea.

Jino la ukubwani likitoka kwa kugongwa, lishike upande wa juu unaoonekana mdomoni, usilishike mzizi, lirudishe kwenye tundu lake au liweke kwenye maziwa, na umfikie daktari wa meno ndani ya saa moja. Moto au maji ya moto: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno, bila mafuta. Kisha kama malengelenge ni makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au yako usoni, mikononi au sehemu za siri, nenda hospitali.

Hatua ya 3: Wajue watoa huduma wako ukiwa bado mzima

Ukishajua kwamba jambo lako linaweza kungoja, sasa chagua mtu wa kukuona. Zoezi hili lifanye leo, ukiwa huumwi: andika kwenye simu au karatasi jina la kila huduma iliyo karibu nawe, namba yake, saa za kufungua na kufunga, kama inapokea watu bila miadi, na kama bima yako inakubalika pale. Weka na namba ya dharura. Usiku wa homa si wakati wa kuanza kutafuta.

Mfamasia ndiye mtaalamu wa afya anayefikika kwa urahisi kuliko wote, na naona anatumiwa pungufu ya uwezo wake. Mafua, koo linalowasha, kiungulia, fangasi ya miguu, mzio wa vumbi, kuhara kidogo kwa mtu mzima, macho mekundu yasiyouma: anza kwake. Mwambie dawa zote unazotumia, maana kazi yake kubwa ni kuona dawa zinazogombana. Mfamasia mzuri pia atakwambia "hili si la hapa, nenda kwa daktari", na akikwambia hivyo mtii. Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, kikohozi chake kinaweza kuburuta hadi wiki 3, na antibayotiki hazisaidii kwa sababu haziui virusi. Kumlazimisha mtu akuuzie ni kupoteza pesa na kuwafundisha vijidudu kuishi na dawa.

Muuguzi wa kliniki anaweza zaidi ya watu wanavyodhani. Kufunga na kubadilisha kidonda, chanjo, kupima presha na sukari, sindano za uzazi wa mpango, kipimo cha shingo ya kizazi, kuondoa nyuzi: kwa mambo haya usiombe daktari, omba muuguzi. Nafasi zake mara nyingi hupatikana mapema.

Daktari wa kliniki au kituo chako cha karibu ndiye wa kila kitu kisichoeleweka. Mwaka 1978, mkutano wa kimataifa uliofanyika Alma-Ata, mji unaoitwa sasa Almaty huko Kazakhstan, ulitangaza kwamba huduma ya msingi iliyo karibu na watu ndiyo nguzo ya afya kwa wote. Hadi leo hoja hiyo ina mantiki kwa mgonjwa mmoja mmoja. Daktari anayekufahamu, aliye na faili lako la miaka, huona mabadiliko ambayo bingwa anayekutana nawe mara ya kwanza hawezi kuyaona. Ndiye pia anayeandika rufaa. Kwenda kwa bingwa kwa kukisia kuna hatari ya kukosea mlango: maumivu ya kifua yanaweza kutoka kwenye moyo, mapafu, tumbo, misuli au wasiwasi, na bingwa wa kila kiungo atatazama kwanza kiungo chake.

Meno yana daktari wake. Daktari wa kawaida hawezi kukung'olea wala kuziba. Uso ukivimba kwa sababu ya jino, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni dharura. Macho: kuona kunakopungua taratibu ni kwa mtaalamu wa miwani, lakini kuona kukipotea ghafla, au ukiona mimweko na madoa mapya mengi yanayoelea, nenda kwenye huduma ya dharura ya macho siku hiyo. Ujauzito una mkunga. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya kumaliza wiki 12, kwa hiyo panga miadi mara tu ujauzito unapothibitishwa.

Huzuni isiyoisha, hofu inayokunyima usingizi, kunywa kupita kiasi: hayo nayo ni sababu halali za kumwona daktari wa kawaida. Huhitaji kufika mwisho wa nguvu zako ndipo uombe miadi.

Kuna dalili zisizo na haraka ya leo lakini zisizostahili kuachwa zipite miezi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, hasa chenye jasho la usiku na kukonda, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa muda huo huo, uvimbe mpya kwenye titi au popote, damu kwenye choo au mkojo, kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, kupungua uzito bila sababu: omba miadi ndani ya siku chache na utaje dalili yenyewe kwa jina lake.

Hatua ya 4: Andika maneno yako kabla ya kupiga simu

Hapa ndipo miadi hupatikana au hukosekana. Anayepokea simu hakuoni. Anachokijua ni maneno yako tu, na kwa maneno hayo anaamua kama utaonwa leo saa nne au wiki ijayo.

Linganisha simu mbili. Ya kwanza: "Habari dada, naumwa tumbo, naomba kumwona daktari." Ya pili: "Habari dada. Nina miaka 34. Tangu jana usiku tumbo linaniuma, lilianzia kitovuni, sasa limehamia chini upande wa kulia na linazidi. Nimetapika mara mbili na nina homa." Mgonjwa ni yule yule. Katika simu ya kwanza atapewa nafasi ya kawaida. Katika ya pili, mhudumu yeyote aliyefundishwa atasimama na kumwita muuguzi, kwa sababu hiyo ni sura ya kidoletumbo kilichovimba.

Kwa hiyo andika sentensi nne. Dalili kuu na mahali ilipo. Imeanza lini na inaendaje: inazidi, inapungua, inakuja na kuondoka. Imekuzuia kufanya nini: kulala, kula, kutembea, kwenda kazini. Na mambo ya mwili wako yanayobadilisha hesabu: umri, ujauzito, kisukari, presha, VVU, sikoseli, upasuaji wa karibuni, dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Sentensi hizo nne zinatosha, zisome kama zilivyo.

Usiongeze chumvi ili upate nafasi, na usipunguze ili usionekane msumbufu. Kosa la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Wazee hasa hupenda kusema "si kitu kikubwa mwanangu, ni kifua kidogo tu". Ukimpigia simu kwa niaba ya mzee, muulize kwanza anashindwa kufanya nini leo alichokuwa akikiweza wiki iliyopita, na hilo ndilo ulitaje.

Hatua ya 5: Piga simu, au tumia programu, na ujue cha kuuliza

Kliniki nyingi hufungua nafasi za siku hiyo asubuhi, laini zikifunguliwa tu. Kama hali yako ni ya leo, piga dakika hiyo hiyo. Kama ni ya wiki ijayo, piga mchana, laini zikiwa zimepoa na mhudumu ana nafasi ya kukusikiliza. Palipo na programu au tovuti ya kupanga miadi, itumie kwa mambo ya kawaida: kurudia dawa, kuulizia majibu, kupima presha. Usiandike dalili za hatari kwenye fomu ya mtandaoni. Huenda hakuna anayeisoma mpaka kesho.

Mhudumu wa mapokezi akikuuliza sababu ya kutaka miadi, usichukulie kuwa ni udadisi. Anachambua nani amwone nani. Kama ni jambo la siri, sema tu: "Ni jambo la faragha, ningependa kuongea na muuguzi." Unaruhusiwa pia kuomba daktari wa kike au wa kiume, kuomba mkalimani wa lugha ya mazungumzo au ya alama, kuuliza kama kiti cha magurudumu kinaingia, na kuomba muda mrefu zaidi kama una mambo mawili au zaidi. Hilo la mwisho liombe mapema. Miadi ya kawaida mahali pengi ni ya dakika chache sana, na ukiibua jambo la tatu daktari akiwa ameshainuka, halitapata haki yake.

Kabla hujakata simu, rudia kwa sauti: siku, saa, mahali, jina la atakayekuona, na cha kuja nacho. Uliza kama unatakiwa kuja hujala. Uliza utalipa nini na kwa njia gani. Andika.

Na ukiambiwa hakuna nafasi? Usishukuru ukakata. Uliza maswali haya kwa upole na kwa mpangilio: Je, muuguzi au mfamasia wenu anaweza kuliona hili? Je, daktari anaweza kunipigia simu leo? Je, mna orodha ya kungojea mtu akifuta miadi? Kama hapana, mnashauri niende wapi leo? Halafu sema waziwazi kinachokutia hofu: "Ninaogopa kwa sababu mtoto hajakojoa tangu asubuhi." Sentensi ya namna hiyo hubadilisha mazungumzo, kwa sababu ina habari ndani yake. Hali ikizidi wakati unangoja siku yako, piga tena na useme imebadilika. Miadi ya Alhamisi iliyotolewa Jumatatu ilitolewa kwa hali ya Jumatatu.

Hatua ya 6: Simu, video au ana kwa ana

Simu inafaa kwa majibu ya vipimo, kurekebisha dawa, ufuatiliaji wa ugonjwa unaojulikana, na mazungumzo mengi ya afya ya akili. Upele unaweza kupigwa picha kwenye mwanga wa mchana, moja ya karibu na moja ya mbali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo eleza kama sehemu hiyo ina joto, imevimba au imebadilika rangi kuwa zambarau au kijivu; upele wa hatari hukaguliwa viganjani, nyayoni na ndani ya kope.

Dai kuonwa ana kwa ana kama kuna uvimbe wa kushikwa, maumivu ya tumbo, kukosa pumzi, sikio la mtoto, au kama umeshaongea kwa simu kuhusu jambo lile lile na hujapona. Na kama nyumbani huna faragha, au kuna mtu unayemwogopa, kwenda kliniki ni salama zaidi kuliko simu.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku yenyewe

Beba dawa zako zote zikiwa kwenye paketi zake: za hospitali, za dukani, za mitishamba, za kuongeza vitamini. Daktari hajakuita kukugombeza. Baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa za uzazi wa mpango au huongeza kuvuja damu, na hawezi kukukinga na asichokijua. Beba kadi ya kliniki, majibu ya zamani, kitambulisho, kadi ya bima. Mwanamke akumbuke tarehe ya hedhi ya mwisho. Mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka aandike kwa siku chache yanakuja saa ngapi na baada ya nini.

Kipimo cha sukari ya kufunga huhitaji usile kwa angalau saa 8. Maji ya kawaida yanaruhusiwa. Kwa presha, usivute sigara, usinywe kahawa wala kufanya mazoezi ndani ya dakika 30 kabla, nenda haja ndogo, kisha keti dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishana, mkono umewekwa usawa wa moyo. Ukipimwa huku unahema baada ya kupanda ngazi, namba itapanda na unaweza kuanzishiwa dawa usizozihitaji. Una haki ya kusema: "Naomba nipumzike kwanza." Dawa zako za kila siku usiziache asubuhi hiyo bila kuambiwa.

Hatua ya 8: Ndani ya chumba

Anza na lile linalokuogopesha. Wagonjwa wengi hutanguliza dogo ili kupima maji, na kubwa linatoka mlangoni. Sema mwanzoni kabisa: "Nina mambo mawili, la kwanza ndilo linaloninyima usingizi." Kama umesoma kitu na unahofia saratani, itaje. Daktari akijua hofu yako ataipima au atakuondolea.

Kama lugha ya kitaalamu inakuzidi, mwambie arudie kwa maneno mepesi, kisha mrudishie ulivyoelewa: "Kwa hiyo kidonge hiki ni asubuhi na jioni baada ya kula, kwa siku 7, sivyo?" Njia hii hunasa makosa mengi kuliko kuitikia kwa kichwa. Mtu wa kukusindikiza husaidia kusikia na kukumbuka, lakini kijana na mwenye mwenzi apewe dakika chache peke yake na daktari. Kuna maswali hayajibiki mbele ya mwingine.

Usitoke bila majibu ya haya matatu: mnadhani ni nini, tutajuaje kama dawa inafanya kazi na kwa muda gani, na dalili gani ikitokea nirudi kabla ya tarehe. La tatu ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu ugonjwa hubadilika baada ya wewe kuondoka. Liandike hapo hapo.

Hatua ya 9: Baada ya miadi

Majibu ya vipimo yafuatilie wewe. Uliza yatatoka lini na kwa njia gani, na siku hiyo ikipita piga simu. Kimya hakimaanishi kwamba uko salama. Karatasi hupotea na namba za simu hukosewa. Rufaa nayo ina njia yake: uliza imetumwa lini, kwenda wapi, na nani wa kupigiwa usiposikia kitu. Omba nakala ya barua uiweke.

Ukishindwa kwenda, futa mapema hata kama ni asubuhi hiyo hiyo, na uombe tarehe nyingine kwenye simu hiyo hiyo. Nafasi yako itampata mtu aliye kwenye orodha ya kungojea. Kama sababu ya kushindwa ni nauli, pesa ya matibabu, kazi au hofu, iseme. Mara nyingi kuna saa za jioni, ofisa wa ustawi wa jamii, au njia ya kuonwa kwa simu ambayo hakuna aliyekutajia kwa sababu hukuuliza.

Dawa za kudumu za presha, kisukari, pumu, kifafa au VVU ziombe zikiwa zimebaki za wiki moja au mbili. Weka kumbusho kwenye simu siku unayofungua paketi ya mwisho, na kabla ya safari hesabu siku za kwenda na kurudi, uongeze za ziada, kisha uzibebe kwenye mkoba unaokaa nao mkononi.